Alama ya Chokaa

Niliinua mkono wangu kwa sababu ya usingizi. Nalisema hilo kabla sijamsifu mtu yeyote, ili msomaji ajue ni nani anayemsimulia.

Juu ya kilima chetu hapa Butembo tulikuwa na poste ya wazimamoto: chumba kimoja cha matofali, kiwanja cha saruji ambapo gari lililala, gari lenyewe jekundu lililopauka kama kanga ya zamani, na jante ya lori, yaani rimu ya gurudumu, iliyotundikwa kwenye mkaratusi. Jante hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, saa nane mchana, mkuu wa poste aliigonga kwa chuma ili kuijaribu. Na mimi, kila siku, saa nane mchana, nilikuwa nalala.

Mimi ni fundi wa nguo. Mashine yangu ilikuwa mbele ya kitanda na kitanda nyuma ya mashine, na safari zangu zilikuwa mbili: kwenda Misa na kwenda kununua uzi. Secondaire nilimaliza. Diplome niliiweka ndani ya plastiki chini ya godoro, kwa hiyo sikosei nikisema kwamba nililalia elimu yangu. Jante ile ilinitoa juu ya elimu kila Jumamosi, miaka na miaka.

Siku moja, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji, mkuu wa avenue alituketisha. Akasema feza za wazimamoto zimepungua. Beni gari lao limekufa, na hakuna la kununua lingine. Wenye kugawa feza wameona hivi: poste yetu ifungwe, gari letu liende kulala Beni, litumikie miji yote miwili. Beni ikiungua, liko pale. Butembo ikiungua, tupige simu, lije. Katikati ya mji itabaki pampu ndogo isiyopanda vilima, na watu wachache. Lakini sisi wa quartier hii tukikataa, watatafuta fasi nyingine ya kupunguza. Wanaokubali, mikono juu.

Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, maana kiti chenye mgongo kilikuwa mbele. Nilipoelewa kwamba jante nayo itaondoka, mkono wangu ulipanda wenyewe, haraka, kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Sikugeuka nyuma. Mkuu wa avenue akatazama, akasema, "Imepita." Ndipo nikamwona mkuu wa poste amesimama ukutani, kofia yake ya chuma kwapani. Alikuwa anautazama mkono wangu. Akanitikisia kichwa kidogo, kama mtu anayesalimia jirani njiani, akatoka.

Jumamosi iliyofuata nililala vizuri sana.

Mkuu huyo wa poste tulimwita Papa Pompier, yaani Baba Mzimamoto. Jina lake la ubatizo lilikuwa limeliwa na kazi, na hata padri akimpa komunyo nadhani alikuwa anatafuta neno lingine mdomoni. Alikaa nyumba moja chini ya yangu, katika mstari wetu wa nyumba za mbao zinazoshuka kilima zikiwa zimeegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani.

Jambo la kwanza la kujua juu yake ni kwamba alikuwa anasikia baridi. Butembo ni baridi kwa kila mtu, lakini yeye alizidi. Asubuhi utamkuta amechuchumaa kwenye babula ya huyu, lile jiko la makaa, mikono juu ya makala; saa nne yuko kwenye babula ya mwingine. Mama Masika, jirani yangu mjane ambaye anakaanga mikate na kusema anachofikiri, vyote viwili bila kupunguza moto, alimwambia siku moja:

"Papa, weye njo unazimaka moto, lakini hapana fasi ya moto mutu anakukosa."

"Mama," akajibu, "polisi anakunywaka na mwizi. Njo vile anajua nyumba yake."

"Basi mwizi wako anamaliza makala yangu. Songa."

Akasonga, kidogo tu.

Jambo la pili ni koti. Lilikuwa koti zito la bluu lililotoka Ulaya, na mgongoni lilikuwa na jina la mji ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuufikia. Nilimwuliza mji huo ni upi. "Ni mji mumoja haukuunguaka sana," akasema, "donc bakatutumia koti." Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kulifanya koti lile lisife. Nilibadilisha viwiko, kola na bitana. Nadhani mwishoni ni jina la mji tu lililobaki la Ulaya. Mengine yote yalikuwa yangu. Likiingia nyumbani kwangu, harufu ya moshi ilikaa wiki nzima, na mabibi harusi waliokuja kupima nguo walikunja pua.

Na mtu huyu, ambaye nilimwona kwa macho yangu akipanda juu ya bati lililokuwa linajikunja kwa joto, aliogopa sindano. Nikianza kumbandikia pini kwenye mkono wa koti alifumba macho na kushika ukingo wa meza. "Maliza, Fundi," alisema. "Usinionyeshe." Nilimchezea. Nilisema "Nachoma sasa" hata kama pini iko bado mdomoni mwangu. Yeye aliingia ndani ya moto wa watu, mimi nilimcheka kwa ajili ya pini. Ndivyo tulivyogawana ushujaa.

Alikuwa na uvumilivu kwa moto na hakuwa nao kwa watu. Jumamosi, jante ikishalia, aliwapanga watu mstari kutoka chemchemi mpaka poste, beseni mkono kwa mkono. Alimrudisha mke wa mkuu wa avenue mara tatu mwanzo wa mstari kwa sababu alikuwa anamwaga maji akipiga hadithi. Mimi nilikwenda mara moja. Nilipofika mlangoni na shuka begani, aliniambia nirudi nikalale, maana katika mstari mtu mwenye usingizi ni tundu.

Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia. Lile alilolipenda zaidi ni hili: "Moto hapana kulaka mbao. Moto unakulaka dakika." Ukimwuliza maana yake, alisema mbao zinabaki pale pale, haziendi popote, ila mtu akisema dakika moja nitafute viatu, dakika moja nimwite shemeji, hapo moto unashiba. Hakumruhusu mtu yeyote wa poste kutamka "dakika moja." Dereva wake alijifunza kusema "kidogo."

Lakini desturi yake ambayo siwezi kuisahau ni ya matanga.

Kwetu nyumba ya mtu ikiungua, watu wanakwenda kukaa naye kama wanavyokaa na mfiwa. Mkeka unatandikwa nje, mama wanaleta fufu na sombe, mnaimba kidogo, mnanyamaza sana. Papa Pompier, kila mara moto ulipomshinda, alikuja kwenye matanga hayo. Alikaa nyuma kabisa, kofia juu ya magoti, siku tatu. Alikataa kula. Kuna mwenye nyumba mmoja alimfukuza: alimwambia amekuja kuangalia kazi yake mbaya. Alisimama, akavuka njia, akakaa upande wa pili siku zote tatu zilezile. Nilipomwuliza kwa nini anajitesa, akasema, "Kwa mugonjwa nilichelewa. Kwa kilio sitachelewa."

Sasa nije kwenye chokaa.

Mstari wetu ulikuwa wa mbao tupu. Zamani kulikuwa na vichochoro kati ya nyumba na nyumba, lakini vita ilipopanda, watu walianza kufika kutoka kusini, wa Kanyabayonga, wa Luofu, familia nzima na godoro kichwani, na tuliwapokea jinsi tulivyoweza: kila kichochoro kikawa chumba. Hakuna aliyekosea. Lakini Papa Pompier alipita akitazama vile vyumba, akihesabu, na sasa hakuwa tena na gari. Alisema maji ya kutosha hayapo, kwa hiyo kuna kazi moja tu iliyobaki: kukata. Moto unatembea juu ya nyumba kama mtu juu ya daraja. Vunja nyumba moja kabla haijafikiwa, za chini zitapona. Akachukua kopo la chokaa na burashi, akaweka alama nyeupe kwenye milango michache, ile ambayo siku ya hatari ndiyo itavunjwa.

Mlango wangu ulikuwa mmojawapo.

Sisi wa mji huu tunajua alama moja tu: ule msalaba unaowekwa kwenye nyumba zinazotakiwa kupisha barabara. Mtu akiona rangi kwenye mlango wake, hana haja ya kusoma. Nilipoamka na kuiona, nilidhani nimefukuzwa katika kiwanja cha baba yangu. Nikachukua sabuni na brosi ya viatu, nikaisugua mpaka mbao ikabadilika rangi. Kesho yake akairudisha. Nikaisugua tena. Wenzangu wenye alama walifanya hivyohivyo. Asubuhi ile utadhani mstari mzima unajiandaa kwa Pasaka. Mara ya tatu alikuja bila kopo, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza taratibu, mikono juu ya babula yangu.

Nilimwelewa. Hilo ndilo linalonisumbua. Nilimwelewa vizuri kabisa, halafu Jumapili, tulipotoka Misa na watu wamesimama nje ya kanisa, nikatafuta kicheko.

"Papa Pompier ana akili," nikasema kwa sauti. "Nyumba yake iko chini ya yangu. Ameweka alama kwangu ili yake ipone."

Watu walicheka sana. Mkuu wa avenue alicheka mpaka akafuta macho. Papa Pompier naye akacheka, lakini wa mwisho, na kicheko chake kilikuwa kifupi. Hakurudisha tena alama kwenye mlango wangu.

Nilisema hakuwa tena na gari. Siku lilipoondoka kwenda Beni, alitembea nyuma yake kwa miguu mpaka kwenye kona, kama vile watu wanavyosindikiza sanduku. Jante ilikuwa imepakiwa juu. Kofia na mashoka aliagizwa ayarudishe, akayarudisha, isipokuwa shoka moja ambalo mpini wake alisema ulikuwa wake. Koti hakuna aliyelitaka, maana lilikuwa viraka. Chumba cha poste kilifungwa kwa kufuli, na kwenye kiwanja cha saruji ambapo gari lililala mama wa quartier walianza kuweka meza. Ni fasi nzuri: hakuna matope hata mvua ikinyesha, na watu wanapita. Meza ya kwanza ilikuwa ya Mama Masika.

Papa Pompier aliendelea kana kwamba hajaambiwa kitu. Alipita kila jioni akitazama babula za watu: makala ndani ya nyumba, akagombana, pipa la maji tupu, akagombana. Watu walianza kumchoka. Mtu mwenye sare akikugombeza unanyamaza. Mtu mwenye shati akikugombeza unamwuliza yeye ni nani.

Moto wetu ulitokea siku ya posho, saa nane mchana. Sijaitunga saa hiyo. Laiti ningeweza kuibadilisha.

Ulianzia juu, katika chumba kimoja cha kichochoro. Kulikuwa na baridi, mtoto alikuwa mgonjwa, wakaingiza makala ndani, godoro likashika. Upepo wa kiangazi ulikuwa unashuka kilima. Jante haikulia kwa sababu jante ilikuwa Beni. Papa Pompier alikimbia njiani akigonga sufuria, na mimi kitandani nilifikiri kuna mtu anaita kuku. Nikageukia upande mwingine.

Aliponifungulia mlango kwa bega, nilikuwa bado na shuka. Alikuwa na shati tu, na shoka. Koti lake lilikuwa kwangu, juu ya mashine, mkono mmoja umefumuliwa kwa ajili ya kiraka.

"Fundi, toka. Nyumba hii njo ya kukata."

Nilitoka nje nikatazama juu. Nyumba nne juu yangu zilikuwa zinaungua, lakini yangu ilikuwa nzima, kavu, na jua juu ya bati. Ni vigumu kukubali kifo cha kitu ambacho hakijaugua. Nilirudi mlangoni nikatanua mikono, mkono huku na mkono huku, mtu mfupi kama mimi.

"Papa, tungoje kwanza. Gari itakuja."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Ningependa kama angekuwa nayo.

"Gari gani, Fundi?"

Gari lilikuwa Beni. Nililipeleka mimi, kwa mkono uleule ulioshika mlango.

"Dakika moja, Papa," nikasema. "Dakika moja tu nitoe mashine."

"Toa. Lakini mimi naanza na ukuta wa nyuma."

Na hapo, kwa hofu, mdomo wangu ulitafuta mahali pa kujificha, ukaupata ule mzaha wa kanisani. "Ao unataka tu yako ipone?"

Shoka lilikuwa limeshainuka. Lilishuka taratibu, likagusa ardhi. Aligeuka akatazama nyumba yake, halafu watu waliokuwa wamesimama pale na ndoo, wale waliokuwa wamecheka. Wakatazama ndoo zao.

"Haya," akasema. "Nitakata yangu."

Aliingia kwake na vijana wawili, wakamtoa mke wake na kiti chake. Mama yule alikuwa mgonjwa wa kifua siku nyingi, hakutembea. Wakamweka chini ya mgomba, na blanketi. Halafu Papa Pompier akapiga nguzo ya kwanza ya nyumba yake mwenyewe. Mimi kazi yangu ni nguo. Ninajua sauti ya kitu kinachochanwa na mtu ambaye amekishona. Watu wakaacha ndoo, wakashika mbao, wakavuta. Bati likashuka. Meza ilitoka, na kabati, na picha ya Bikira Maria, na kila kitu kilitupwa chini ya kilima, mpaka pakabaki udongo mtupu.

Nyumba yangu iliwaka nikiwa bado ndani navuta mashine. Mguu wa chuma ulikuwa umenasa mlangoni. Walinishika shati wakanitoa, na nilipofungua macho niliona kwamba nimeshika kitu kimoja tu: koti lake.

Moto ulifika kwangu, ukala, ukafika kwenye ule udongo, ukakosa daraja. Wakati huo Papa Pompier alikuwa anazipiga cheche zilizoruka, kwa shati, kwa majani ya mgomba, kwa mikono yake mitupu. Nyumba zote za chini zilipona, mpaka ya Mama Masika kule mwisho. Ningetoka mlangoni aliponiambia, yangu ingekuwa imeanguka, ndiyo. Lakini ilianguka vilevile. Yake ingekuwa imesimama. Hesabu ya moto ule ni hiyo, na haihitaji diplome.

Gari lilifika jua likiwa limezama. Dereva wake wa zamani alishuka, akatazama, akavua kofia. Walimwaga maji juu ya majivu yangu kwa sababu hawakuweza kurudi Beni na tanki limejaa.

Tulitandika mkeka wa matanga kwenye kiwanja changu, maana nyumba yangu iliungua. Watu walikuja na fufu, waliniambia pole, walinishika mkono. Yeye alikuja siku ya kwanza, mikono imefungwa vitambaa, akakaa nyuma. Hakuwa na kofia ya kuweka juu ya magoti, kwa hiyo aliweka mikono ile. Alikaa siku tatu, hakula.

Kwake hakuna aliyekwenda. Si kwa ubaya. Nyumba yake haikuungua. Ilivunjwa, na aliyeivunja ni mwenyewe. Hatuna desturi ya hilo. Hatukujua watu wanakaa wapi, wala wanasema pole kwa neno gani.

Yeye na mke wake walilala katika sala ya parokia, ule ukumbi wa mikutano, saruji tupu, milango haifungi. Baridi yake aliyoizungumza maisha yote ikampata mke wake. Alikohoa majuma kadhaa, na asubuhi moja hakukohoa. Hapo tulikwenda wote, desturi tulikuwa nayo. Nilikaa nyuma kabisa. Alinipa mkono kama alivyompa kila mtu, na akaniuliza kama nimepata mashine.

Baadaye binti yake alimchukua Beni. Ameolewa kule na mtu wa malori, Mwislamu mwenye moyo mzuri.

Nilikaa na koti lile miezi mingi. Nilimaliza mkono wake kwenye mashine ya kuazima, nikabadilisha bitana, nikaweka vifungo, nikavitoa, nikaweka vingine. Siku ambayo hakukuwa tena na kitu cha kushona, ilibidi niende. Mkwe wake alipita na lori, nikapanda mbele. Mimi ambaye uzi tu unanichosha. Mpaka Kalunguta nilikuwa nimeshatapika mara mbili, na dereva aliniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka tumboni mwa mama.

Binti aliniambia, "Baba yuko kwa gari. Anakwendaka kila asubuhi."

Nililikuta limeegeshwa nyuma ya ukuta mmoja, majani yamefika kwenye bampa. Kule nako wamepunguza: dereva amesimamishwa, tairi mbili zimepelekwa kusikojulikana. Papa Pompier alikuwa anapangusa kioo. Beni ni joto, mimi nilikuwa najipepea na kofia, yeye amevaa sweta.

"Fundi," akasema. "Nani amekufa?"

"Hapana mutu, Papa. Nimeleta koti."

"Weye? Umetoka nyumbani juu ya koti?"

Akalivaa. Mkono wa kulia ulikuwa umezidi kidogo, alikuwa amekonda. Nikatoa pini. Akafumba macho, akashika mlango wa gari. Safari hii sikumchezea. Mikono yake ilikuwa na makovu yanayong'aa, kama kitambaa kilichopigwa pasi ya moto sana, na kidole kimoja hakikunjiki. Nilibandika pini polepole, maana akiwa amefumba macho ndiyo nafasi niliyokuwa naingojea.

"Papa, ile siku ya mukutano..."

"Bado unalalaka saa nane?" akaniuliza.

"Hapana. Saa nane ikifika ninaamka."

Akacheka, macho bado yamefumbwa. "Mulijenga?"

"Tulijenga."

"Mbao?"

"Mbao, Papa. Matofali tutatoa wapi?"

"Na alama?"

"Niko nayo. Niliipaka mimi mwenyewe."

Alitikisa kichwa kidogo, kulekule kutikisa kwa siku ile ya mkutano. "Alama moja hapana kutosha," akasema. "Mutafute zingine."

Nyuma ya gari jante ilikuwa imelala, ina kutu. Nikamwambia lori la mkwe wake linarudi Butembo tupu, naweza kuibeba, kuitundika palepale, nitaigonga mwenyewe kila Jumamosi. Nilikuwa nimeipanga hotuba hiyo njia nzima, katikati ya kutapika. Alifungua macho, akafikiri.

"Jante bila gari ni makelele tu," akasema. "Pale, Fundi, ulikuwaka na haki."

Akanishukuru kwa koti, "wasingya, wasingya," akarudi kwenye kioo chake. Nilipofika kwenye kona niligeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gari, koti limefungwa mpaka shingoni katika joto lile, viganja vimenyooka kuelekea mashine ya gari iliyozimika tangu zamani, kama mtu anayeota moto.

Nilirudi, na kwa kuwa tumbo langu lilikuwa tupu, nilipitia kwenye saruji ya poste ya zamani. Mama Masika alikuwa anageuza mikate kwenye mafuta. Nikamweleza yote: sindano, makovu, tairi, jante. Nikamwambia kwamba ni mkono wangu uliofanya haya yote, kwamba ni mimi niliyefunga poste, mimi niliyevunja nyumba ya mtu yule na kumzika mke wake, na kwamba nitaubeba mzigo huo peke yangu mpaka kufa. Nadhani nilisema vizuri, hata nikajisikia machozi. Yeye hakuinua kichwa. Alichota mikate mitatu, akaikung'uta mafuta, na haya ndiyo maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Fundi, acha kujifanya mukubwa. Weye uliinua mukono na usingizi. Mimi nilikuwa nyuma yako, macho wazi, nikainua wangu juu nilitaka hii fasi ya meza, na batu bote pembeni yangu bakainua. Ununue mikate ao utoke hapo, unanizibia batu."